Simba Huyu Alichorwa na Nani?

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Sina ugomvi na wahenga, kwani walituzidi umri na akili. Ila mimi nimekulia mtaa wa Maringo, hapa Eastlands, na nimeona kwa macho yangu haya mawili pete ikivikwa chanda cha jirani, huku chanda chenye kazi kikibaki kikisuguliwa kwa mafuta ya taa ili kitoke rangi. Mpenzi msomaji, chanda ninachokizungumzia ni cha shangazi yangu.

Shangazi ni dadake baba. Anaishi nasi katika nyumba yetu ya kaunti, chumba kimoja na pazia, tangu nikiwa darasa la pili. Huniita "mama" kwa kuwa nilirithi jina la mamake. Kazi yake ni kuchora. Ukisikia hivyo usidhani ana kofia ya pembeni na meza ya mbao kama wachoraji wa kwenye kalenda. Yeye huvaa ovaroli ya makanika, hujifunga leso kichwani na kushika njia alfajiri kwenda Kariobangi Light Industries, kwenye banda moja la mabati ambamo matatu huingia kama kuku aliyenyeshewa na kutoka kama bibi harusi.

Hebu nikueleze jinsi kazi ya banda inavyokwenda, maana wengi wetu tunapanda matatu tu bila kujua imepitia mikono mingapi. Kwanza huja mafundi wa bodi, wagonge na kunyoosha. Kisha vijana hupiga msasa mpaka vumbi liwageuze weupe kama wenye maduka ya unga. Rangi ya chini hupulizwa kwa kompresa, halafu mmoja hubandika tepu kufuata michoro, mwingine hupuliza vivuli, mwingine huandika maneno ya ubavuni. Sura za watu na wanyama, zile za nyuma na za kwenye madirisha, huchorwa mwisho kwa brashi ndogo. Hiyo ndiyo kazi ya shangazi. Katika banda lile walikuwa watano: mwenye banda, vijana watatu na yeye, mwanamke pekee. Gari likikamilika, mwenye banda huchukua stensili na kuweka jina la banda lake na namba yake ya simu juu tu ya namba ya gari. Hapo ndipo kazi ya watu watano hugeuka kuwa ya mmoja.

Shangazi hakuanzia kwenye magari. Mwisho wa miaka ya tisini alikuwa akichora ng'ombe kwenye bucha za Burma na vichwa vya wanawake waliosukwa kwenye kuta za saluni. Alipojaribu kuingia kwenye matatu, sheria za waziri Michuki zikaanza kutekelezwa mwaka 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni, na michoro marufuku. Mabanda mengi yakakosa kazi. Wachoraji wakarudi kwenye kuta za shule na vioski vya kusaga unga. Miaka kumi hivi baadaye rangi zikaruhusiwa tena, na ndipo shangazi akaitwa bandani, kwa sababu vijana walijua kupuliza lakini hawakujua kuchora pua.

Sasa, nilijuaje kazi yake ilipo ikiwa haina jina? Ni jicho. Kila mchoraji akichora jicho huweka nukta nyeupe juu ya mboni, ile nuru inayofanya jicho lionekane hai. Wengi huiweka juu, kwa kuwa mwanga hutoka juu: jua, taa ya dari. Shangazi huiweka chini, upande wa kushoto. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mtindo tu. Nikamuuliza, akaniambia alijifunza kuchora kijijini Mwala, usiku, akichora nyuso za ndugu zake kwa makaa kwenye ukuta wa ghala. Kibatari kilikuwa sakafuni. "Mwanga ulitoka chini," akasema, "sasa nitauweka juu nikiutoa wapi?"

Tangu hapo nikawa mpelelezi. Nikiwa kwenye matatu ya 58 kutoka mjini, foleni ikishika pale City Stadium, natazama magari ya mbele na kuhesabu. Huyu mwanamuziki ni wa shangazi. Huyu mchezaji mpira si wake. Huyu chui ni wake, lakini masikio yamemaliziwa na mtu mwingine, maana yeye huchora manyoya ya sikio moja moja na hapa mtu amepuliza tu akaenda zake. Makanga mmoja aliwahi kuniuliza kama ninadaiwa na gari lake, jinsi nilivyolikodolea macho.

Nilipomwambia shangazi aanze kuandika jina lake, aliangua kicheko mpaka akakaa kwenye ndoo.

"Wewe mama, hilo jina litalipa stima?"

Na kwa haki yake, stima hakuilipa yeye. Mwenye banda ndiye aliyelipa kodi ya kiwanja, akanunua kompresa, akapambana na wenye magari wanaotaka kazi ya leo walipe Krismasi. Sura moja shangazi alilipwa elfu moja na mia tano, papo hapo, hata kama mwenye gari alikuwa hajatoa senti. Si jambo dogo hilo. Nalisema mapema ili usije ukadhani nimeandika kumpaka mtu matope.

Lakini moyo wangu haukutulia. Jumamosi zangu nyingi huzimalizia kwenye maktaba ya Makadara, ambayo ni tawi la ile ya McMillan ya mjini, kwa sababu nyumbani pazia halizuii redio. Huko ndiko nilikokutana na mwanamke aitwaye Judith Leyster, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimzungumzia kama jirani yetu wa mlango wa tatu.

Leyster alizaliwa mwaka 1609 katika mji wa Haarlem, Uholanzi. Akiwa na miaka 24 alikubaliwa kwenye chama cha wachoraji wa mji ule, jambo lililokuwa adimu kwa mwanamke. Akafungua karakana yake mwenyewe na kuchukua wanafunzi wanaume. Mji huohuo alikuwapo mchoraji mkubwa, Frans Hals, na mikono yao ilifanana: vicheko vilevile, brashi ileile ya haraka. Mwanafunzi mmoja wa Leyster alipomkimbia akaenda kwa Hals bila ruhusa, yule mama hakulia kimoyomoyo. Alipeleka mashtaka kwa chama, na mamake kijana akaamriwa kumlipa, ingawa ni nusu tu ya alichodai. Hals naye akatozwa faini. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu hadi mtunza maktaba akanitolea macho. Nilikuwa nikiwaza Kariobangi.

Mwaka 1636 Leyster aliolewa na mchoraji mwenzake, Jan Miense Molenaer, na baada ya hapo picha zenye alama yake ni chache sana. Alifariki mwaka 1660. Mumewe alipofariki mwaka 1668, mali yao iliorodheshwa, na baadhi ya picha zikaandikwa kuwa ni za "mke wa marehemu". Basi. Mke wa marehemu! Mtu aliyekuwa na karakana, wanafunzi na kesi aliyoshinda, sasa hana hata jina. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili picha zake zikaitwa za Hals au za mumewe.

Wanasemaje kuhusu njia ya mwongo? Mwaka 1893 mtaalamu wa Kiholanzi, Cornelis Hofstede de Groot, aliichunguza picha moja iliyokuwa imeuzwa kama ya Hals, picha ya mwanamume mwenye fidla na mwanamke mwenye kinywaji, ambayo sasa iko jumba la Louvre, Paris. Akaona alama ndogo: herufi J na L zimeshikana, na nyota kando yake. Jina Leyster maana yake ni nyota ya kuongoza mabaharia. Yule dada alikuwa ameweka saini yake tangu mwanzo, ila watu walitaka kuona Hals, wakaona Hals. Na unadhani walifurahi? Wafanyabiashara wa picha walikuwa tayari wamepelekana mahakamani kule London wakigombana juu ya bei. Picha ilikuwa ileile, vicheko vilevile, lakini mchoraji alipogeuka mwanamke thamani ikashuka. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Usidhani mambo haya ni ya wazungu wa kale tu. Hapa jirani, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya sitini kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli, juu ya mbao za dari, akiuza pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Alichora kwa miaka kama minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Wanafunzi wake, jamaa na marafiki, wanaume wote, wakaendelea, na hatimaye wakaunda chama cha ushirika kilichobeba jina lake. Leo ukisema tingatinga hakuna anayefikiria lile gari la kuchimba barabara. Wanafikiria chui mwenye madoadoa na ndege wa rangi saba. Jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo mzima, na wachoraji wengi wamelala chini yake kama watoto chini ya blanketi moja. Tena wapo wajanja walioghushi saini ya marehemu ili bei ipande. Kwa hivyo jina linaweza kuibiwa pande zote mbili: kuna anayenyang'anywa lake, na kuna anayebambikwa la mwingine.

Mamangu ana leso ya zamani aliyoachiwa na nyanya, yenye maandishi madogo pembeni: K.H.E. na Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, Mombasa. Nilipomwonyesha shangazi alama ile, alitazama maua kwa muda mrefu kuliko maandishi. "Na hili ua?" akaniuliza. "Huyu Abdulla ndiye alichora hili ua?" Sikuwa na jibu. Wanawake wa pwani ndio waliochagua mitindo na kutunga misemo mingi ya leso, lakini pembeni kumeandikwa jina la mwenye duka.

Wa kwetu hasa ni Rosemary Karuga. Alizaliwa mwaka 1928, akaingia Makerere mwaka 1950, mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Baada ya hapo akafundisha shule kwa miaka mingi, na kazi yake ya sanaa ikalala. Mwishoni mwa miaka ya themanini, umri wa watu kustaafu, akarudi kwa nguvu pale Paa ya Paa hapa Nairobi. Rangi zilikuwa ghali, basi alikata karatasi, za magazeti na pakiti za sabuni na za unga, akazibandika mpaka zikawa kuku, twiga, wanawake sokoni. Mwaka 1990 kazi zake zilipelekwa kwenye maonyesho ya wasanii wa Afrika katika Studio Museum, Harlem, New York, naye alikuwa mwanamke pekee miongoni mwao. Alifariki mwaka 2021. Nilimsimulia shangazi haya yote usiku mmoja stima ikiwa imepotea. Alinyamaza, kisha akauliza: "Unga wa kampuni gani?" Kesho yake nilimkuta ameosha pakiti mbili na kuzianika kwenye kamba.

Kitu kilichonipa ujasiri zaidi kilikuwa habari ya Mwitaliano wa karne ya 19, Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari. Yeye alisema ukitaka kumjua mchoraji usitazame mahali anapotia bidii, kama uso na tabasamu, kwa kuwa hapo kila mwanafunzi huiga. Tazama masikio, kucha, mikunjo ya vidole. Hapo mkono huenda wenyewe bila kufikiri. Lo! Kumbe nilichokuwa nikifanya kwenye foleni ya City Stadium kina wenyewe! Nikachukua daftari la kurasa 96 na kuanza kuandika: nukta ya jicho chini kushoto, kucha fupi za mraba, manyoya ya sikio moja moja, herufi S yenye tumbo kubwa chini. Shangazi alikuwa na picha nyingi kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Nilizipeleka kwa kijana wa kupiga chapa, akanitolea kumi na tisa kwa bei ya urafiki, nami nikazibandika.

Muhula wa kwanza chama chetu kilijadili hoja: "Sifa za kazi ni za mwenye karakana." Nilikuwa upande wa kupinga. Wenzangu wa kuunga mkono walikuja na hoja nzito. Walisema mkate hauna jina la aliyeukanda, na hakuna anayelalamika. Nilijibu kwamba mkate huliwa ukaisha, lakini mchoraji hupewa kazi ya kesho kwa kuonyesha kazi ya jana, na asiyeweza kusema "hii ni yangu" huanza upya kila asubuhi. Tulishindwa kwa kura saba. Sijali. Maneno yale yalikuja kunifaa mwezi mmoja baadaye, mahali ambapo hapakuwa na kura.

Shule moja ya chekechea mtaani kwetu ilitangaza inatafuta mtu wa kuchora ukuta wake wa mbele: wanyama, herufi, nambari. Rangi juu yao, ufundi elfu arubaini. Elfu arubaini, msomaji! Nyumbani kulikuwa na deni langu la chakula cha mchana shuleni, na kodi ya miezi miwili. Shangazi aliomba kwa jina lake mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Masharti yalikuwa kuleta picha za kazi zilizotangulia.

Jumamosi tulipofika, roho ikinidunda mithili ya ngoma, nani tunayemkuta kwenye benchi? Mwenye banda, na albamu kubwa yenye jalada la dhahabu, pamoja na kijana wake hodari. Naye alikuwa ameomba. Hakukosea, tangazo lilikuwa la kila mtu.

Kamati ilikuwa ya watu watano na mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani ya kamba, ambaye kila mtu humwita Mwalimu tu. Akafungua albamu. Akafungua daftari langu. Akarudi kwenye albamu. Kisha akaviweka sambamba mezani na kugonga kwa kidole: simba yuleyule. Simba wa nyuma ya matatu, mdomo wazi, jicho moja limefunikwa na nywele. Gari lenyewe lilikuwa limepakwa upya kitambo, kwani mchoro wa matatu haudumu. Simba yule alibaki kwenye karatasi mbili tu duniani, na zote zilikuwa mezani pale.

"Simba huyu alichorwa na nani?" Mwalimu akauliza.

"Na banda langu, Mwalimu," akajibu mwenye banda kwa heshima.

"Banda lina mikono?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kijasho chembamba kilikuwa kikinitoka. Niliomba ruhusa nikaeleza daftari langu: nukta, kucha, sikio. Nilimtaja hata Morelli, nikaona mzee mmoja wa kamati akipiga mwayo. Mwalimu akasikiliza hadi mwisho, kisha akararua kurasa mbili za kalenda ya mwaka uliopita na kuzigeuza.

"Nichorieni jicho la simba. Moja tu."

Mwenye banda alitabasamu, akamsukuma kijana wake mbele. Yeye mwenyewe ni bingwa wa kompresa na hesabu. Brashi hashiki, na hakuwahi kudanganya kwamba anashika. Shangazi na kijana wakainama. Dakika kumi hivi, kimya, ila sauti ya penseli. Walipoinua karatasi, nusura nianguke. Macho yote mawili yalikuwa na nukta chini, kushoto. Daftari langu likawa karatasi ya kufungia njugu.

Mwalimu akatazama moja, akatazama la pili. Akamgeukia kijana. "Wewe, mbona umeweka mwanga hapa chini?"

Kijana akajikuna kichwa. Akamtazama mwenye banda, akamtazama shangazi, akatazama viatu vyake.

"Ndivyo Mathe alivyonionyesha," akasema.

"Mathe ni nani?"

Akaelekeza kidevu kwa shangazi. Bandani hakuna aliyewahi kumwita kwa jina jingine.

Mwalimu akamuuliza shangazi swali lilelile, na shangazi akasimulia habari za Mwala, ukuta wa ghala na kibatari cha sakafuni. Alipomaliza, hata yule mzee wa mwayo alikuwa amekaa wima. Mwenye banda ndiye aliyevunja kimya. "Mwalimu, mimi sikusema si yeye," akasema, "nilisema ni banda." Na hilo ni kweli tupu, nimelifikiria sana tangu siku ile. Kama Hals angeitwa pale, nadhani angejibu hivyohivyo.

Kazi alipewa shangazi. Jumatatu yake nafasi yake bandani ilikuwa imejazwa na mtu mwingine. Hakuna matusi, hakuna mlango uliofungwa kwa kishindo; aliambiwa tu kwamba kazi zimepungua. Basi ukuta ule tuliuchora bila kompresa, brashi mtindo mmoja, na kazi ya wiki moja ikachukua wiki mbili na nusu. Mimi nilichanganya rangi nikitoka shule, na bado nina doa la kijani kwenye sare yangu ambalo mwalimu wa zamu ameniuliza mara tatu. Siku ya nne kijana wa bandani akaja, mikono mfukoni, akauliza kama kuna kitu cha kushika. Shangazi akampa twiga na langoni kote, kwa mapatano ya elfu nane, na kumwambia aandike jina lake mwenyewe chini ya kazi yake. Aliliandika kubwa mpaka ungelisoma ukiwa kituo cha matatu! Shangazi akamfanya alifute na kuliandika upya, kiasi cha kiganja.

Lake mwenyewe lilimtatiza zaidi. Siku ya mwisho alichuchumaa karibu na bomba, brashi namba mbili mkononi, akaandika Mathe. Akafuta. Akaandika kama anavyoitwa mtaani, mama wa kifungua mimba wake. Akatazama, akafuta tena. "Huyo ni mtoto," akasema, "yeye hata penseli hakushika." Nikamkumbusha yule mke wa marehemu. Akanitazama kana kwamba nimemtonesha kidonda. Kisha akaandika polepole jina alilobatizwa na jina la babake, babu yangu, mzee wa Mwala, na mwaka.

Jioni ile kina mama wa mtaa walikuja kutazama. Walisifu tembo, wakasifu herufi. Mmoja, ambaye ameishi mlango unaotazamana na wetu miaka tisa, aliinama karibu na bomba akasoma, kisha akauliza, "Na huyu ndiye nani?" Shangazi alikuwa akiosha brashi. Hakugeuka.

"Ni mimi," akasema.

Deni la chakula cha mchana limelipwa. Kijana amepata elfu nane zake zote. Salio la shangazi, elfu kumi na mbili, bado hatujaliona. Kamati inasema mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi umepita mara mbili. Yeye huenda pale kila Ijumaa kuulizia, na akingoja hukarabati sehemu ambazo watoto wamekwisha kuchubua kwa kucha, hasa pua ya simba.